Mazungumzo Marefu ya Elimu Yasikosekane Majumbani



Husemwa mara kwa mara kwamba watu wa zama hizi hawana subira ya kusikiliza, na kwamba kijana hatoi sikio lake zaidi ya dakika moja. Sisi hatuikubali kauli hiyo. Katika pwani yetu ya Kilwa na Lindi wapo wavuvi wanaotengeneza nyavu redio ikiwa kando yao, na wapo akina mama wanaosuka ukili huku wakisikiliza darsa iliyohifadhiwa katika memori kadi. Mazungumzo ya saa nzima, ambamo mwanachuoni huulizwa, akajibu, kisha akaulizwa tena, yana wenyewe redioni. Siku hizi yana wenyewe pia katika podikasti, yaani vipindi vya sauti vilivyowekwa kwenye intaneti ili mtu avisikilize wakati autakao.

Jambo hili si geni katika dini yetu. Katika Hadithi mashuhuri iliyosimuliwa na Sayyidna Umar (R.A.) na kupokewa na Imamu Muslim, Jibrili (A.S.) alimjia Mtume (S.A.W.) kwa sura ya mtu, akakaa mbele yake magoti kwa magoti, akamuuliza juu ya Uislamu, Imani na Ihsani. Masahaba walikuwa wakisikiliza. Baadaye Mtume (S.A.W.) alibainisha kuwa yule alikuwa Jibrili, aliyekuja kuwafundisha dini yao. Basi hata waliokaa kimya walifundishwa, kwa kusikia swali zuri na jibu lake.

Wala si geni katika pwani yetu. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331, alimkuta Sultani Al-Hasan bin Sulaiman, aliyepewa lakabu ya Abul-Mawahib kwa ukarimu wake, akikaa na mafakiri, akila pamoja nao na kuwatukuza watu wa dini. Na katika zama za redio, Profesa Ali Mazrui, mzaliwa wa Mombasa na mwana wa Kadhi Mkuu wa Kenya, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, alitoa mihadhara sita ya Reith katika BBC mwaka 1979, akiichambua hali ya Afrika mbele ya wasikilizaji wa ulimwengu.

Mvuto wa mazungumzo ya namna hii ni kwamba msikilizaji hapewi jibu tupu. Husikia safari ya fikra kutoka swali hadi dalili, na husikia wajuzi wawili wakihitilafiana bila ya kuvunjiana heshima. Kinyume chake ni vile vipande vya dakika moja vinavyozagaa katika simu. Hukumu ya talaka ikikatwa masharti yake na kubakishwa kauli moja tu, mume huichukua kama ilivyo, na nyumba yenye watoto ikavunjika.

Hata hivyo, sauti iliyorekodiwa haiwezi kumuuliza msikilizaji hali yake. Kwa hiyo, lenye kutatiza lipelekwe kwa sheikh aliye karibu, mwenye kuijua familia na mazingira yake.

Tunawanasihi wazazi watenge angalau usiku mmoja kwa wiki, baada ya Isha, televisheni izimwe na familia isikilize kipindi kimoja hadi mwisho. Kisha kila mtoto aulizwe alichofahamu na asichokubaliana nacho. Nao vijana wa Kilwa na Lindi wenye simu waombe idhini kwa masheikh wao, warekodi darsa nzima, si kipande chake.

Katika Surat Az-Zumar, aya ya 18, Allah (S.W.) amewasifu wenye kusikiliza maneno kisha wakafuata yaliyo bora zaidi. Na hawezi kulijua lililo bora yule asiyesikiliza mpaka mwisho.