Simu na usukani: faini ya Sh2,000 haitoshi

Abiria wa matatu wanaijua hali hii vizuri. Gari liko mbioni, simu ya dereva inatoa mlio, naye anainama kuisoma. Pengine ni nauli iliyotumwa kwa M-Pesa na anataka kuhakikisha imeingia. Pengine ni dereva mwenzake anamtahadharisha kwamba polisi wako mbele. Mkono mmoja umeshika usukani, kidole gumba cha mkono wa pili kinajibu. Abiria wanamwona, wanatazamana, na hakuna anayefungua mdomo.

Si madereva wa matatu peke yao. Mwenye gari la kibinafsi huanza kujibu WhatsApp akiwa kwenye foleni ya Mombasa Road, na foleni ikifunguka anaondoka bado anaandika. Dereva wa teksi ya programu hukubali ombi la mteja mwingine kabla hajamshusha aliye naye. Mwendeshaji wa bodaboda huisokomeza simu kati ya helmeti na sikio, akaendelea na mazungumzo huku amembeba mama na mtoto.

Hatari yenyewe haihitaji mtaalamu kuielewa. Kusoma au kuandika ujumbe huyaondoa macho barabarani kwa sekunde 5 hivi. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa, ambacho ndicho kiwango cha juu kwa magari ya abiria nchini Kenya, hukata mita 22 kila sekunde. Katika sekunde hizo 5 limekwenda mita 110, zaidi ya urefu wa uwanja wa kandanda, na aliyeshika usukani hatazami mbele. Hata mjini, kwa kasi ya kilomita 50, ni karibu mita 70. Katika mita 70 za barabara zetu kuna kivuko cha shule, kituo cha matatu na mchuuzi anayesukuma mkokoteni.

Shirika la Afya Duniani linasema dereva anayetumia simu yuko katika hatari ya kupata ajali mara 4 zaidi ya asiyeitumia. Kuandika ujumbe ni kubaya zaidi, kwa sababu macho, mkono na akili vyote huiacha kazi ya udereva kwa wakati mmoja. Na anayedhani amejikinga kwa kuvaa vifaa vya masikioni ajue kwamba akili iliyozama katika mazungumzo huchelewa kuona, na huchelewa kukanyaga breki.

Sheria ya Kenya inasemaje? Chini ya kanuni za mwaka 2016 kuhusu makosa madogo ya trafiki, dereva anayetumia simu gari likiwa katika mwendo hutozwa faini ya Sh2,000. Kanuni hizo hizo zinamtoza Sh10,000 dereva aliyepita kasi inayoruhusiwa kwa kilomita 16 hadi 20. Yaani aliyezidisha mwendo huku anaona anakokwenda analipa mara 5 ya yule asiyetazama barabara kabisa. Hapo tunasema wazi kwamba kosa hili limepimwa kwa mizani isiyofaa.

Lakini dereva asidhani kwamba akishalipa hizo Sh2,000 mambo yameisha. Sheria ya Trafiki inamruhusu hakimu kumfunga hadi miaka 10 mtu aliyesababisha kifo kwa kuendesha gari kwa njia ya hatari, na leseni yake ikafutwa. Hata pasipo kufa mtu, kuendesha kwa njia ya hatari pekee kunaweza kumletea kifungo au faini kubwa. Wala asitegemee kukana, kwani rekodi za kampuni ya simu huonyesha saa na dakika aliyotuma ujumbe.

Zaidi ya watu 4,000 hufa kila mwaka katika barabara za Kenya, na kundi kubwa zaidi kati yao ni watembeaji kwa miguu, watu wasio na chuma cha kuwakinga wala mkanda wa kuwashikilia. Ndio wanaolipia mazungumzo ya wenye magari.

Kwanza basi, Serikali na Bunge waipandishe faini hii ifikie angalau ile ya mwendo wa kasi, na anayerudia kosa asimamishiwe leseni. Uingereza imekwisha kufanya hivyo: tangu 2017 kosa hili ni pauni 200 na pointi 6 kwenye leseni, na dereva ambaye hajatimiza miaka miwili tangu afaulu mtihani wa udereva hupokonywa leseni.

Pili, polisi wa trafiki na mamlaka ya usalama barabarani, NTSA, walichukulie kosa hili kwa uzito wanaoupa ulevi. Kila ajali mbaya ikitokea, simu ya dereva ichunguzwe kwa kibali cha mahakama, ili tujue ni ngapi zinazotokana na simu badala ya kila moja kuandikwa kwamba gari "lilipoteza mwelekeo".

Tatu, vyama vya matatu viamue kwamba nambari ya kupokea nauli ni ya kondakta, wala si ya dereva. Hatua hiyo haigharimu hata senti moja. Na waajiri waache kumpigia dereva wakijua fika yuko safarini, kisha wakamlaumu kwa kutopokea.

Nawe abiria, kunyamaza kwako ni ruhusa. Umelipa nauli ufikishwe salama, na una haki ya kumwambia dereva aiweke simu kando. Akikaidi, mwambie asimamishe gari ushuke, kisha umripoti kwa chama chake na kwa polisi.

Dereva, izime simu au uikabidhi aliye kando yako kabla ya kuwasha gari. Jambo likiwa la dharura, toka barabarani, simama mahali salama, ujibu. Ukiandika huku gari linakwenda ukaua mtu, hutakuwa na udhuru mbele ya hakimu, wala mbele ya jamaa za marehemu.