Nani Amzoee Mwenziwe: Mguu au Kiatu?

Katika maduka yetu ya viatu kuna maneno yanayosemwa kila siku, nayo yametuumiza kuliko tunavyokiri: "Chukua tu mzee, kitaachia." Vidole vimebanwa, mnunuzi amekunja uso, lakini muuzaji anaapa kwamba baada ya wiki mbili kiatu na mguu vitapatana. Mimi nayapinga maneno hayo. Kiatu kinachouma dukani hakimfai anayekijaribu, na mara nyingi kinachozoea siyo kiatu bali ni mguu, kwa kuota sugu, kwa kucha kuingia nyamani na kwa kidole gumba kupinda.

Sisemi juu ya kandambili wala makatambuga. Hayo huacha vidole vipumue. Nasema juu ya kiatu cheusi cha ofisini, cha kanisani na cha harusini, na kile cha mchuchumio wanachovaa dada zetu. Hapo tumekubali kwamba heshima lazima iume. Bwana harusi akichechemea tunacheka. Bibi harusi akivua viatu chini ya meza tunamfichia. Siri ya mtungi aijuaye kata, basi kila mtu anabaki na siri yake ndani ya soksi.

Tuanze na namba. Ukiulizwa unavaa namba ngapi, unajibu "nane" au "arobaini na mbili", ukadhani umeueleza mguu wako. Hujaueleza. Kwa kipimo cha Kiingereza, namba moja na inayofuata hupishana theluthi ya inchi, yaani kama milimita 8.5, kwa kile cha Ulaya bara, kama milimita 6.7. Vyote viwili ni vipimo vya urefu. Wapo watengenezaji wa Uingereza na Marekani wanaoongeza herufi ya upana, na kifaa cha Brannock, kilichobuniwa Marekani katika miaka ya 1920, hupima urefu, upana na mahali mguu unapokunjikia. Lakini ingia katika maduka yetu mengi uulize upana: utatazamwa kama mtu aliyeuliza bei ya mwezi. Kwa hiyo mwenye mguu mpana hupewa kiatu kirefu zaidi. Vidole vinapata nafuu, kisigino kinapwaya, na kisigino kinachopanda na kushuka ndicho kiwanda cha malengelenge.

Tena upana huo si kasoro. Mwaka 1905 daktari mmoja wa Marekani, Phil Hoffmann, alichapisha uchunguzi uliolinganisha miguu ya watu wasiovaa viatu na ya wale wavaao. Vidole vya wale wa kwanza vilikuwa vimetanuka. Vya wavaaji vilikuwa vimesongamana kufuata umbo la kiatu. Basi mtu aliyekulia pekupeku shambani asiambiwe kwamba ana mguu mbaya. Mguu wake umekua ulivyotakiwa kukua.

Je, nani angetushonea sisi? Tulikuwa na kiwanda cha viatu Morogoro, kilichojengwa kwa fedha za Benki ya Dunia. Kilikusudiwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka, na sehemu kubwa iuzwe Ulaya. Hakikufikia hata sehemu moja ya kumi ya uwezo wake, na uzalishaji ulikoma mwaka 1990. Wengi hulilia mashine zilizolala. Mimi nauliza jingine: hata kama kingefaulu, kalibu zake zingefuata mguu wa nani?

Wataniambia ngozi hulegea. Ni kweli, ngozi halisi hutanuka kidogo kwa upana, na fundi mwenye kalibu ya mti anaweza kuisaidia. Lakini kiatu kifupi hakirefuki, na ile plastiki iliyong'arishwa ikafanana na ngozi itabaki kama ilivyotoka kiwandani.

Wala msidhani nagombania starehe. Lengelenge hutokea pale mfupa unapokwenda huku ngozi ya juu imenaswa na soksi na kiatu. Tabaka za ngozi huvutana hadi zikaachana, na maji yakajaa katikati. Jasho huzidisha kunasa huko. Kwa mtu mzima wa afya ni adha ya siku chache. Kwa mwenye kisukari cha miaka mingi, ambaye nyayo zake zimekufa ganzi, ni jambo jingine kabisa. Mjomba wangu alicheza harusini kutwa nzima akiwa na viatu vipya, tukamshangilia. Usiku alipovua, soksi ilikuwa na damu, naye hakuwa amesikia lolote. Lengelenge likawa kidonda, na kidonda kikamgharimu vidole viwili.

Basi nunua kiatu alasiri, mguu ukiwa umeshavimba kwa shughuli za siku. Vaa soksi utakazovaa nacho. Simama juu ya karatasi, uchore wayo wa kila mguu, kisha ulaze mchoro juu ya soli: ukizidi kandokando, kiatu hicho si chako. Fuata mguu ulio mkubwa. Acha nafasi ya upana wa kidole mbele ya kidole kirefu, na hakikisha kiatu kinakunjika pale mguu unapokunjikia. Kama kisigino kinapwaya, chagua cha kamba badala ya moka, kwa maana kamba huushika mguu usiteleze mbele. Tembea nacho dukani, siyo hatua mbili, bali mpaka muuzaji achoke.

Na wauzaji nao waache kutuhukumu kwa namba. Waweke kipimo cha upana, watuachie tutembee bila kununa. Waajiri wanaomsimamisha mtu saa nane kwa siku wamruhusu kiatu kipana, maadamu ni safi na kimepigwa rangi. Mteja haji kuhudumiwa na ncha ya kiatu.

Hadi hapo watakaposikia, tunalo jibu moja lisilo na gharama. Akikwambia kitaachia, mrudishie kwa upole umwambie: "Kikishaachia, nitarudi."