Usichague ua la nyoka kwa macho

WAHENGA walinena kuwa mchagua nazi hupata koroma. Mpwa wangu, anayesomea elimu ya wanyama chuoni, aliuonja ukweli huo msimu wa baridi.

Klabu yao inafuga nyoka mmoja wa kahawia asiye na sumu, wa aina ile inayokula panya na kuingia hata katika nyumba zetu. Kibali cha KWS wanacho, nawe usithubutu kufuga nyoka bila hicho. Kwa kuwa baridi ya Nairobi mwezi wa Julai haina huruma, walimtilia balbu ya joto katika sanduku lake la kioo. Kisha mpwa wangu akanunua mmea wa kangaga kando ya barabara, majani yake mororo ya kupendeza, ili nyoka apate maficho.

Siku chache baadaye majani yalianza kukauka. Kijana akamwagilia maji asubuhi na jioni. Mmea haukupona, lakini udongo uligeuka tope, na nyoka aliyelala juu yake akatokwa na malengelenge tumboni. Ikabidi daktari wa mifugo aitwe.

Kosa lilikuwa nini? Mmea ulitaka maji kila siku, naye nyoka alitaka malazi makavu. Kwa hivyo, chagua mmea unaoweza kuvumilia kiu.

Wa kwanza ni sansevieria, wenye majani yaliyosimama kama panga. Huweka akiba ya maji katika majani hayo manene. Wa pili ni zamiokulkasi, ambao asili yake ni Afrika Mashariki, pamoja na pwani yetu. Chini ya udongo una mashina manene kama viazi yanayohifadhi maji. Wa tatu ni pothosi, ule unaotambaa ukutani katika sebule nyingi. Huu hunywa zaidi kidogo, lakini hustahimili kivuli, na tawi likivunjwa na nyoka huchipua tena.

Epuka mimea ya miiba. Epuka pia manyara, maana utomvu wake mweupe huchoma macho.

Ukishanunua, osha majani, badilisha udongo, kisha uuweke mmea kando mwezi mzima kabla ya kuuingiza. Huwezi kujua ulinyunyiziwa dawa gani ya wadudu. Uache ndani ya chungu chake, ukifunike kwa mawe laini juu ili nyoka asifukue mizizi. Kiweke upande wa baridi, mbali na balbu, na balbu yenyewe izungushie wavu ili nyoka asiungue. Mwagilia udongo wa chungu pekee, tena ukiwa umekauka kabisa.

Tena, mwanga wa balbu ya joto hautoshi mmea. Nunua miwili inayofanana: mmoja uwe ndani, mwingine dirishani, na kila baada ya majuma mawili uibadilishe.

Mpwa wangu sasa ana sansevieria mbili. Nyoka amejivua gamba, tumbo limepona, na mchana hulala nyuma ya yale majani magumu ambayo kijana aliwahi kuyaita mabaya.