Paa kwanza, rangi baadaye

Wasee, leo tuongee kuhusu zile video za "kabla na baada". Unazijua. Jumba kuukuu, ukuta umeota ukungu, dirisha linaning'inia kwa msumari mmoja, halafu muziki unagonga na ghafla kila kitu kinang'aa. Zinavuma sana na naelewa kwa nini. Kutengeneza video ndiyo kazi inayonilisha tangu niache chuo. Lakini kuna swali ambalo hizo video haziulizi hata siku moja: huo ukuta unashikiliwa na nini?

Twende Zanzibar kwanza, nitarudi Machakos.

Tarehe 25 Desemba 2020, siku ya Krismasi, wengi wetu tukingoja nyama iive, sehemu kubwa ya upande wa mbele wa Jumba la Maajabu iliporomoka, mnara wa saa na wote. Watu 2 walikufa. Na jengo halikuwa limesahauliwa siku hiyo. Lilikuwa linakarabatiwa, pesa zikitoka Oman. Soma tena polepole: lilianguka likiwa linatengenezwa.

Kama hulijui, hilo jumba lilijengwa mwaka 1883 na Sultani Barghash bin Said, pale Forodhani, likitazama bahari. Lilikuwa la kwanza kisiwani kuwa na taa za umeme, na baadaye likawekwa lifti. Hapo ndipo jina lilipotoka. Mwaka 1896 manowari za Waingereza zilipiga makombora eneo la kasri kwa dakika 38 hivi, ile vita inayosemekana kuwa fupi kuliko zote duniani. Majengo ya jirani yakavunjika vibaya. Hili likabaki wima.

Sasa usiniambie hiyo ni stori ya watu wa pwani, haituhusu. Kabla reli haijafika, Wakamba ndio walikuwa wanabeba pembe za ndovu kutoka bara hadi Mombasa, na Mombasa ilikuwa chini ya sultani wa Zanzibar. Pembe, karafuu na biashara ya watumwa ndizo zilizojaza hazina ya masultani. Kwa hiyo ukiliangalia jumba hilo, kuna mabega ya babu zetu mahali fulani pale.

Angalia tarehe zinavyofuatana. Mwaka 2000 UNESCO inauweka Mji Mkongwe kwenye orodha ya urithi wa dunia. Mwaka 2012 sehemu kubwa ya baraza ya jumba inaanguka. Mwaka 2015 inakuja zamu ya sehemu ya paa. Mwaka 2020 upande wa mbele. Yaani jengo lilikuwa linapiga kelele kwa miaka minane, na kila mtu alikuwa anasikia, kwa sababu kipande cha jumba la sultani hakianguki kimya kimya. Watu wanaongea kuhusu ile Krismasi kama ajali. Mimi siwezi kuiita ajali. Ajali haikutumii barua mbili kabla ya kuja.

Hapa nitaingia kidogo kwenye mambo ya ujenzi, vumilia. Nyumba za zamani za pwani zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Huo ukuta unapumua. Maji yanaingia na yanatoka. Ukija na saruji ukaupiga plasta kila mahali, umeufunga pumzi: unyevu unabaki ndani, chokaa inalainika, na kwa nje unaona ukuta safi kabisa. Halafu kuna chuma. Jumba la Maajabu lilibebwa na nguzo na mihimili ya chuma, mita chache kutoka baharini. Chuma kikipata kutu kinavimba, na kikivimba kinapasua jiwe lililokizunguka. Kwa hiyo jengo kama hilo likishakaa miaka na paa bovu, hata kazi ya kulitengeneza ni hatari. Ukitoa kitu kimoja hujui ni nini kilikuwa kinakiegemea. Unaegemeza kila kitu kwanza, unapima, ndipo unagusa. Ni kazi ya kuchosha, haina picha nzuri, na hakuna mheshimiwa wa kukata utepe mbele ya vigingi.

Na usiniambie haiwezekani kwa hali yetu. Hatua chache kutoka hapo, ufuo ule ule, chumvi ile ile, kuna jengo wanaloliita Zahanati ya Zamani, ambalo lilianza kujengwa mwaka 1887. Nalo liliachwa likachakaa. Miaka ya tisini taasisi ya Aga Khan ikalichukua na kulikarabati kwa utaratibu, na bado lipo, ile mibao ya nakshi na yote. Hata Nairobi tunao mfano: Book Bunk walipochukua maktaba za zamani za Kaloleni na Makadara, waliwauliza kwanza wenyeji wanataka nini ndani. Ajabu eh, kumuuliza anayetumia.

Sasa Machakos. Sisi tulikuwa makao makuu ya Waingereza huku bara kabla hata Nairobi haijawa mji. Reli ikatupita kando, na mwaka 1899 ofisi zikahamia Nairobi. Hatukubaki na mengi ya kuonyesha: ofisi chache za kikoloni, makanisa, maduka ya zamani ya Wahindi yenye baraza mbele. Na unajua tunavyoyafanyia. Linaachwa mpaka mti unaota kwenye mfereji wa paa. Halafu siku moja anakuja mtu na vigae vya bafuni, anavibandika kwenye baraza. Madirisha ya mbao yanang'olewa, aluminiamu inaingia. Ukuta mzima unapakwa rangi ya kampuni ya simu. Juu, mabati ni yale yale yenye matundu. Mwezi wa Novemba mvua inashuka ndani ya rangi mpya.

Susu wangu ana jiko la ukuta wa udongo. Kila mvua ikiisha anapita akiziba nyufa kwa mkono, dakika kumi, hana fundi. Hajawahi kungoja uanguke ndipo aitishe mkutano.

Kwa hiyo maoni yangu, na najua wengine mtanipiga vita kwenye komenti: kama hakuna pesa ya kuimarisha jengo, afadhali usilikarabati. Ziba paa, safisha mifereji, weka nguzo za kuegemeza, funga lango, ngoja. Jengo bovu linaloonekana bovu watu wanalikwepa. Jengo bovu lililopakwa rangi watu wanafungua saluni ndani yake.

Wale wa "bomoa tu tujenge ghorofa", nawasikia. Angalau nyinyi hamjifanyi. Ila mjue kuna Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006. Jengo likitangazwa kwenye gazeti rasmi la serikali kuwa linalindwa, mwenye nalo hawezi kulibomoa au kulibadilisha anavyotaka. Shida ni kwamba lazima kwanza mtu alijue na alisemee, na hiyo haihitaji digrii, mniamini.

Hivyo wiki hii nataka kitu kimoja. Kama uko Machakos mjini, piga picha ya jengo lolote la zamani unalopita kila siku. Msiniletee picha za machweo tafadhali. Nataka nyufa kwa karibu, paa, mahali maji yanapoingia, na tarehe. Weka sarafu ya shilingi kumi kando ya ufa ili tuone upana wake. Tutapiga tena mvua za Aprili zikiisha, mahali pale pale, tulinganishe. Mimi naanza na maduka yale ya baraza, kesho asubuhi kabla jua halijapanda. Mwenye ngazi ndefu anitumie ujumbe.