Nani Atamwosha Miguu Mwenye Matende?

Wako watu katika sharika zetu za Oldonyo Sambu wasemao ya kuwa mtu aliyevimba miguu miaka mingi ni mtu wa hospitali, nasi hatuna la kumfanyia ila kumwombea. Neno hili nalipinga. Kumwombea ni wajibu. Lakini daktari wa Arusha mjini humwona mgonjwa siku moja, akamrudisha kwake, na uvimbe huu wataka kazi ya kila siku. Kazi hiyo haiwezi kuwa ya mtu mwingine ila jirani.

Matende yana asili zaidi ya moja. Pwani na visiwani huletwa na vijidudu viingizwavyo mwilini na mbu. Kwa ajili hiyo Serikali ilianza kuwagawia watu vidonge vya kila mwaka, kwanza huko Mafia, mwaka 2000. Lakini katika nchi za juu zenye udongo mwekundu wa milima ya moto, yako matende yaletwayo na udongo wenyewe. Chembe zake hupenya ngozi ya mguu usio na kiatu, na mishipa irudishayo maji ya mwili huharibika. Daktari Ernest Price aliyafafanua hayo huko Uhabeshi. Na watu wa Kamwenge, katika Uganda, walipochunguzwa mwaka 2015, ilionekana ya kuwa wagonjwa ni wale waliolima bila viatu, wakachelewa kuosha miguu mpaka jioni. Sisi tukaao chini ya mlima Meru, ambao nao ni mlima wa moto, hatuna ruhusa ya kusikia habari hizo kama hadithi za mbali.

Wengine huvimba kwa ajili ya moyo au figo. Kwa hiyo mgonjwa na aonwe kwanza zahanati. Akiisha kuambiwa ya kuwa ni matende, yawe ya mbu au ya udongo, utunzaji ni mmoja. Mguu uoshwe kila siku kwa maji safi na sabuni, ukaushwe taratibu, hasa katikati ya vidole, kwa maana katika nyufa zile ndimo ziingiamo taka ziletazo homa na maumivu makali. Upakwe mafuta na dawa ya nyufa. Akikaa au kulala, mguu uinuliwe. Kifundo cha mguu kichezeshwe. Nani katika kijiji chetu asiyeweza kujifunza haya? Huko Uhabeshi jaribio lililotangazwa mwaka 2018 lilionyesha ya kuwa wagonjwa waliofundishwa hivyo walipatwa na homa mara chache zaidi kuliko wenzao waliokuwa bado wakingoja kufundishwa.

Basi shida iko wapi? Iko kwenye maji. Upande wetu wa mlima haupati mvua nyingi, na kila mama ajua uzito wa dumu. Mwenye mguu mzito hawezi kwenda kuteka. Na maji akiletewa kidogo, hunywa na kupikia, mguu ukabaki na vumbi lake. Halafu twasema ananuka, twamwachia benchi la nyuma kanisani, na mwisho haji tena. Kisha kila mwaka kabla ya Pasaka twasoma habari za Bwana wetu kuosha miguu ya wanafunzi wake, na hakuna ashikaye beseni.

Wengine hunong'ona ya kuwa amekanyaga uchawi uliofukiwa njiani. Nauliza: uchawi gani huu umwogopao mtu mwenye viatu? Na wale wampelekao achanjwe chale mguuni wajue ya kuwa kila chale ni mlango mpya wa homa. Tena mzee mmoja atanijibu kwa habari za mfalme Asa, aliyeugua miguu, akawatafuta waganga, akafa. Na asome tena polepole. Asa alilaumiwa kwa kuwa hakumtafuta Bwana. Hakulaumiwa kwa kuwa mtu alimwosha miguu.

Sitaki tuchange fedha nyingi, wala tungoje wageni. Kila mtaa wa usharika uandike wenye matende walio ndani yake, hata wale waliofichwa nyuma ya boma. Vijana wa kwaya wenye punda wagawane siku, kila mmoja apeleke dumu lake. Akina mama wachague wawili wa kufundishwa zahanati namna ya kuosha. Sisi walimu tutaangalia miguu ya watoto, waje shuleni na viatu, kwa kuwa mguu wa mtoto ndio ulio rahisi kuokolewa.

Na viatu vya mgonjwa? Ndara za matairi hupitisha vumbi, na vya dukani havimwingii. Lakini mafundi viatu tunao sokoni, nao wajua kushona kiatu cha kufunika mguu kwa kipimo cho chote wapewacho. Wazee wa usharika wamwite fundi mmoja akapime miguu hiyo kabla ya masika.