DNA si kopi na pesti

Nimechoka kuwasikia mafundi wa programu hapa Kizingo wakisema: "DNA ni programu tu, herufi nne, A, T, G na C. Wazungu wataiandika, sisi tutanunua." Jamani! Nusu ya kwanza ni porojo, nusu ya pili ni utumwa.

Tuanze na porojo. Mashine huunga DNA kwa kemia, herufi moja baada ya nyingine. Tuseme kila hatua inafaulu kwa asilimia 99. Ukitaka herufi 200, piga hesabu: 0.99 mara yenyewe mara 200. Minyororo iliyokamilika ni asilimia 13 tu! Herufi 1,000? Karibu sifuri. Ndiyo maana hutengenezwa vipande vifupi, kisha vikaunganishwa.

Mwaka 2009 Daniel Gibson na wenzake huko Marekani walichapisha njia ya kuviunganisha ndani ya kichupa kimoja, kwa nyuzijoto 50, muda wa saa moja. Ni kama kuezeka makuti: mwisho wa kipande hulalia mwanzo wa jirani yake, kwa sababu herufi za hapo ni zilezile. Kimeng'enya kimoja hutafuna mnyororo mmoja wa kila ncha ili ncha zishikane, cha pili hujaza mapengo, cha tatu hufunga.

Mwaka 2010 taasisi yao, ya J. Craig Venter, ikatangaza bakteria anayeendeshwa na jenomu ya kutengenezwa, herufi zaidi ya milioni moja. Herufi moja tu iliyokosekana iliwachelewesha wiki kadhaa. Kopi na pesti hiyo?

Sasa utumwa. Bakteria huyo, Mycoplasma mycoides, ni wa mbuzi! Nduguye wa karibu huua ng'ombe wa wafugaji wetu kwa homa ya mapafu. Ugonjwa wetu, kalamu ya wengine.

Msiniambie ni ghali. KEMRI Kilifi, hapo jirani, wanasoma jenomu za virusi. Kusoma tunaweza. Na kupanga vipande vikatwe wapi, ncha zisifanane na zisizo jirani zake, hiyo ni kazi ya programu: laptopu yako inatosha.

Nyaya za SEACOM na TEAMS zilitua Mombasa mwaka huohuo wa 2009, na wengi wakaishia kuwa wateja tu. Tusirudie. Vyuo vya Pwani vifundishe kuunganisha DNA, na nyinyi mafundi andikeni hizo programu.

Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Au mnasemaje?