TAHARIRI: KOFIA NGUMU NI YA KICHWA, SIYO YA USUKANI



Mikorosho imeanza kuangusha. Kila mwaka ukifika wakati huu pikipiki zinaongezeka kijijini kama kumbikumbi. Aliyepata fedha ya mnada wa kwanza ananunua yake, mwingine anachukua ya mtu kwa mkataba, na wenye mali wa mjini wanaleta zao zifanye kazi huku mpaka msimu uishe. Hatulalamiki. Wazee wanakumbuka jinsi mama mjamzito alivyobebwa kwa machela usiku kucha kwenda zahanati. Gunia lililokuwa linakaa shambani wiki nzima likingoja trekta, leo linafika hapa siku hiyo hiyo. Pikipiki imetusaidia, na asiyekubali hilo basi atembee kwa miguu.

Lakini hatuna budi kulisema lililotupata msimu uliopita. Wengi mnalijua, ila kila mtu analisimulia kwa namna yake.

Kijana wetu mmoja, ambaye hatumtaji jina kwa heshima ya wazazi wake, alianguka pale kwenye mchanga wa bondeni. Ilikuwa jioni, amebeba magunia mawili, anawahi tripu ya mwisho kabla ghala halijafungwa. Aliinuka mwenyewe. Akajipangusa, akacheka na wenzake waliomsaidia kunyanyua mzigo, akasema, "Sijaumia bwana, ni kichwa tu kinagonga kidogo." Akafika hapa, tukampimia magunia yake, akapokea stakabadhi, akaenda zake nyumbani. Usiku akatapika mara mbili. Watu wakasema ni jua na uchovu. Akalala. Asubuhi hakuamka. Elementi yake ilikuwa imening'inia kwenye usukani wa pikipiki, nzima, haina hata mkwaruzo.

Baada ya mazishi tulimwuliza mganga wetu wa zahanati: mtu aliyesimama, akaongea, akacheka, anakufaje? Akatueleza hivi. Kichwa kikipigwa kwa nguvu, mshipa unaweza kupasuka ndani ya fuvu. Damu inavuja taratibu. Fuvu ni mfupa mgumu, halipanuki kama tumbo, kwa hiyo damu ile ikikosa pa kwenda inaukandamiza ubongo. Saa za mwanzo mtu anaweza kuonekana mzima kabisa. Ndiyo maana aliyeanguka na kugonga kichwa asiachwe alale peke yake bila kuangaliwa. Akianza kutapika, au kichwa kikazidi kuuma, au akawa na usingizi usio wa kawaida, akaongea maneno yasiyoeleweka, mboni moja ya jicho ikawa kubwa kuliko nyingine, hapo hakuna kungoja kupambazuke. Apelekwe hospitali usiku huo huo, hata kama itabidi tuamshane kijiji kizima.

Sasa hii kofia inafanya nini? Watu wengi wanadhani kazi yake inafanywa na lile gamba gumu la nje. Gamba linasaidia, ni kweli, lakini kazi kubwa iko kwenye lile povu jepesi la ndani. Chukua yai uliweke ndani ya kopo tupu, uliangushe: kopo ni zima, yai limepasuka. Jaza pamba ndani ya kopo, uliangushe tena. Povu ndiyo pamba yenyewe. Linabonyea ili kichwa kisisimame kwa ghafla. Likishabonyea mara moja halirudi, na kwa sababu hiyo elementi iliyokwisha kuanguka ajali kubwa, hata ukiipaka rangi mpya, imekwisha. Ile kofia ya mafundi ujenzi haina povu la namna hii, haifai barabarani. Na isiyofungwa mkanda wa kidevuni inaruka kabla wewe hujafika chini.

Maarifa haya siyo ya jana. Mwezi Mei mwaka 1935 huko Uingereza, askari mashuhuri aliyeitwa T. E. Lawrence alianguka na pikipiki akiwakwepa vijana wawili waliokuwa kwenye baiskeli. Hakuwa na kofia ngumu. Alikaa siku sita bila fahamu, akafariki. Mmoja wa madaktari waliomhudumia, Hugh Cairns, hakuridhika kuona watu wanakufa hivyo. Akaanza kuchunguza ajali za askari wapeleka barua wa pikipiki, na mwaka 1941 akaeleza katika jarida la madaktari jinsi kofia inavyookoa vichwa vyao. Mwaka 2008 wataalamu walikusanya tafiti 61 za nchi mbalimbali wakazilinganisha. Waliona kwamba kofia inapunguza vifo vya waendesha pikipiki wanaopata ajali kwa asilimia 42, na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Haiondoi yote. Lakini kati ya vijana wetu wanaopita hapo nje, nani yuko tayari kuzikataa asilimia hizo?

Visingizio tunavijua. Joto. Nywele zinaharibika. Elementi ya abiria imevaliwa na watu mia, inanuka jasho, italeta mapunye. Hili la mwisho siyo la kudharau, na akina mama wamelisema kwa haki kabisa. Dawa yake ni kitambaa safi au kofia nyepesi chini yake, na elementi ianikwe juani kila siku badala ya kufungiwa nyuma ya siti. Wengine wanavaa wakikaribia njia panda ya lami penye askari, wakishapita wanavua. Kana kwamba mchanga wa bondeni unamwogopa askari!

Tusisahau miguu. Wengi wanaoletwa zahanati kutoka kwenye pikipiki wameumia chini ya goti: mfupa wa muundi umevunjika, au mtoto ameungua na bomba la moshi, au ameingiza kisigino kwenye spoku. Ndala hazisaidii kitu hapo. Mama akipanda, akunje ncha za kanga azikalie, maana kanga ikishikwa na mnyororo haimwachi mwenyewe. Na watoto watatu wakipangwa kama mishikaki kwenda shule, wazazi, tusimlaumu dereva peke yake. Nauli tumelipa sisi.

Tumefika mahali pagumu. Ni rahisi kusema vijana wa bodaboda ni wahuni, na katika mikutano yetu neno hilo halikosi. Lakini nani anayewakimbiza? Chama kinalipa kwa tripu. Ghala linafungwa saa 11 jioni, na gunia litakalokuta mlango umefungwa linalala nje kwa hasara ya mwenyewe. Kijana ana hesabu ya bosi ya kila siku. Nyuma amefunga magunia mawili, kila moja kilo 80, gurudumu la mbele limekuwa jepesi halishiki njia, na jua linazama. Kwa mwendo wa kilometa 40 kwa saa pikipiki inakula mita 11 kila sekunde. Kwa 80 inakula mita 22, na umbali wa kuisimamisha kwa breki unakuwa mara nne. Mbuzi akikatiza hapo, tunategemea nini? Siku ile mwandishi wa tahariri hii alikuwa amesimama mlangoni na funguo mkononi akiita, "Haraka, haraka, tunafunga!" Sitaki mtu mwingine aseme hilo kabla yangu.

Kwa hiyo Halmashauri ya Chama italeta mapendekezo mbele ya Mkutano Mkuu. Kwanza ghala lipokee mpaka magunia yote yaliyokwisha kutoka shambani yafike, na yatakayochelewa yapewe namba na kulala ndani chini ya mlinzi. Malipo ya tripu ya gunia moja yapandishwe, ili kubeba mawili kusiwe ndiyo njia pekee ya kupata chochote. Halafu chama kinunue elementi za abiria na za madereva wanaotubebea, fedha zitoke katika ushuru wetu, na dereva asiyevaa asipewe mzigo.

Juu ya hili la fedha maneno yameshaanza kijiweni: eti ushuru wa mkulima siyo wa kuwanunulia vijana kofia. Tunawajibu kwa hesabu. Elementi moja nzuri haifikii thamani ya gunia moja la korosho. Msimu uliopita tulichanga sanda, tukachanga chakula cha matanga, na wakati huo wote korosho za baba yake marehemu zilikaa chini ya miti hazina wa kuziokota. Mvua ya kwanza ikazikuta hapo. Tulizipokea nyeusi, zikaenda daraja la pili, na mzee hakusema neno. Aliweka dole gumba kwenye stakabadhi akaondoka.

Wazee pia watakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Tulikaa vikundi vikundi tukisikiliza redio, tukajadili, kisha tukaenda kuchimba vyoo. Tunaomba jambo hili lijadiliwe hivyo hivyo, kila kitongoji kwa wakati wake, kabla ya mkutano, na vijana wa bodaboda waitwe wakae kwenye duara pamoja na sisi. Wao wanaijua barabara ile kuliko Halmashauri yote.

Neno moja kwa watakaomkuta mtu ameanguka. Msimvute kwa mikono na miguu, wala msimkalishe kwenye pikipiki kati ya watu wawili. Kichwa na shingo vishikwe vinyooke na mwili. Elementi msiivue isipokuwa anashindwa kupumua. Damu izibwe kwa kukandamiza kitambaa safi. Mguu uliovunjika ufungwe na fito mbili kama ulivyo, usinyooshwe. Msimpe maji wala uji, hata akiomba. Kitanda cha kamba kinatosha kuwa machela.

Mkutano ni Jumamosi saa 3 asubuhi, hapa hapa chini ya mwembe. Mwenye elementi nyumbani, hata iliyopasuka, aje nayo tuikague.